Asili ya Siku ya Wapendanao

Kila ifikapo tarehe 14 Februari mabishano huzuka katika bweni letu. Mmoja husema kwamba siku hii ni ya mtakatifu wa Kikristo. Wa pili hushikilia kuwa ni sikukuu ya miungu ya Warumi wa kale. Na wa tatu, asiye na haja na historia, huwa kajiinamia akiandika barua. Mwaka huu ubishi ulizidi hata wenzetu wawili wakaacha kusemezana kwa juma zima. Basi nikaona yafaa niingie maktaba nitazame.

Ni kweli kwamba Warumi walikuwa na sikukuu iitwayo Lupercalia, tarehe 15 Februari. Makuhani walichinja mbuzi na mbwa, wakakata ngozi za mbuzi mfano wa mijeledi, kisha wakakimbia mjini wakiwapiga watu waliokutana nao. Wako wanawake waliojitokeza makusudi wapigwe, kwani iliaminiwa kuwa kipigo hicho huleta uzazi. Papa Gelasius, aliyeongoza Kanisa toka mwaka 492 hata 496, aliikemea sana. Lakini ile hadithi ipendwayo, kwamba siku hiyo vijana waliokota majina ya wasichana chunguni, haimo katika maandiko ya Warumi wa kale. Wala hakuna ushahidi kwamba Papa aliweka siku ya Valentine mahali pa Lupercalia. Tarehe kukaribiana si hoja. Kama ni hoja, mimi niliyezaliwa siku moja baada ya Krismasi ningekuwa na makuu.

Na Valentine mwenyewe je? Hapa wenzetu wa upande wa pili wasishangilie upesi. Husimuliwa habari za watu wawili wa jina hilo waliouawa kwa ajili ya dini katika karne ya tatu: padri wa Roma na askofu wa Terni. Yawezekana hata wakawa mtu mmoja. Kisa cha kuwafungisha ndoa askari kwa siri, ati kwa sababu Kaisari Claudius wa Pili aliwakataza kuoa, kiliongezwa zamani sana baada ya kufa kwake. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake katika kalenda ya ulimwengu mzima, ingawa jina lake lingali katika orodha ya mashahidi wa dini.

Hata hivyo watu wa Terni, mji ulioko kaskazini ya Roma, hawakumwacha. Kila Februari wachumba hukusanyika katika kanisa lake wakaahidiana mbele ya watu. Wengi wafungao safari hiyo hupitia kutazama maporomoko ya Marmore, yenye urefu wa mita 165 hivi. Maporomoko haya yalitengenezwa na Warumi mwaka 271 kabla ya Kristo, walipochimba mfereji wa kutoa maji ya kinamasi. Siku hizi maji yake huendesha mitambo ya umeme, kwa hiyo hufunguliwa kwa saa maalum tu; king'ora hulia kwanza, ndipo maji yashuke kwa kishindo.

Mapenzi yaliingiaje basi? Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeunganisha siku hii na mapenzi kwa maandishi ni mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, yapata miaka ya 1380. Alitunga shairi refu la ndege wanaokutana siku ya Mtakatifu Valentine ili kila mmoja achague mwenzi. Hakutaja Lupercalia.

Miaka mia baadaye usemi huo ulikuwa umeenea. Mwaka 1477, katika jimbo la Norfolk, binti aitwaye Margery Brews alichumbiwa na John Paston. Kwao si mume aliyetoa mali, bali baba wa binti; na baba yake Margery alikataa kuongeza. Mama mtu alikuwa mwerevu. Alimwandikia John kwamba Ijumaa ni siku ya Valentine, ambapo kila ndege huchagua mwenzi wake, basi aje Alhamisi usiku akae hata Jumatatu, apate kusema na mzee. Naye Margery akapeleka barua yake, iliyoandikwa kwa mkono wa karani, akimwita John Valentine wake. Alimweleza kuwa mama amejitahidi kwa baba asifanikiwe, na kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa wa mwili na wa moyo. Lakini kama John ampenda kweli, hatamwacha kwa sababu ya mali.

Barua hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, nayo ndiyo ya kale kuliko zote za Valentine zijulikanazo katika Kiingereza. Wakaoana mwaka ule ule.