Mlembe Anaita Ili Iweje?

Septemba ikiyoyoma, msafiri anayetoka Tabora kwenda Mpanda kwa njia ya Ipole na Koga huukuta msitu wa miombo umewaka. Si moto, moto ulikwishapita miezi ya nyuma ukaacha majivu. Ni majani. Mvua haijadondoka hata tone na ardhi ni ngumu kama tofali, lakini miti imechipua, na machipukizi yake ni mekundu, mengine ya rangi ya shaba iliyosuguliwa. Mvua zitakaposhika, yote yatakuwa yamegeuka kijani. Ukimuuliza mwenyeji wa Inyonga, atakujibu papo hapo: msitu unajiandaa kuipokea mvua.

Unajiandaa. Hujiandaa yule anayejua kesho kuna nini, na mti haujui. Basi tunaposema mwombo unachipua ili uiwahi mvua, hiyo "ili" imetoka wapi?

Kiswahili kinatutega hapa kwa maneno ya kila siku. Kwa nini mtungi umepasuka? Kwa sababu umeanguka. Kwa nini umebeba mtungi? Ili nikachote maji. Swali ni lilelile "kwa nini", ila jibu la kwanza linatazama nyuma na la pili linatazama mbele, nasi huyapokea yote mawili bila kusita. Neno "kusudi" nalo ni hivyohivyo. Amefanya kusudi, yaani alikuwa na nia. Kaja mapema kusudi akuone, yaani ili akuone. Huwezi kulitaja lengo bila kuacha nyuma yake harufu ya mtu aliyekusudia.

Wanafalsafa wamegombana juu ya majibu haya mawili kwa zaidi ya miaka 2,000. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alijiuliza kama mvua hunyesha ili nafaka imee, au hunyesha tu kwa kuwa mvuke uliopanda lazima upoe na kushuka. Alipofika kwenye meno hakuyumba: ya mbele makali ya kukatia, magego mapana ya kusagia, mpangilio huo hauwezi kuwa bahati nasibu. Mwaka 1790 Immanuel Kant aliandika kwamba hatuna budi kuvitazama viumbe kana kwamba vina lengo, na kwamba ni upuuzi kutumaini kuwa siku moja atazuka Newton wa kutueleza hata unyasi mmoja kwa nguvu za kimaumbile peke yake. Miaka 69 baadaye kikatoka kitabu cha Charles Darwin.

Nadharia ya Darwin huelezwa mara nyingi kwa midomo ya ndege wa Galápagos. Sisi tuna ndege wetu.

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, ni nchi ya asali. Mizinga ya magogo na ya magome hutundikwa juu ya miti, na warina asali hukaa porini siku nyingi na vienge vyao. Katika miombo hiyo yupo ndege wa rangi ya kijivu na hudhurungi, asiye na uzuri wa kukusimamisha njiani, aitwaye mlembe. Akikuona hutoa mlio wa kukereketa, kama kibiriti kilichojaa njiti kinachotikiswa. Ukimkaribia huruka hadi mti wa mbele, anaonyesha weupe wa pembeni mwa mkia, anatua, anaita tena. Ukimfuata hadi mwisho, utakuta nyuki.

"Babu, anatuita kwa nini?" kijana atauliza.

"Ili umpasulie mzinga, mjukuu wangu. Usipomwachia sega, kesho atakupeleka kwa simba."

Hadithi hiyo ya simba, au ya nyoka, husimuliwa sehemu nyingi za Afrika, na ndani yake ndege ana nia, ana deni analodai, hata kisasi. Sayansi imemchunguza ndege huyuhuyu kwa saa na kalamu. Hussein Isack wa Kenya, akishirikiana na H.-U. Reyer, alichapisha mwaka 1989 utafiti uliofanywa miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika eneo wasilolifahamu, watafutaji wasio na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Wenye ndege, saa 3.2. Na ndege naye anapata: mizinga 96 katika kila 100 aliyowaonyesha asingeweza kuifikia mpaka mtu aifungue kwa moto na chombo. Mtu anaondoka na asali, mlembe anabaki na nta, ambayo tumbo lake linaweza kuimeng'enya, na majana yaliyomo kwenye masega.

Mawasiliano yanakwenda pande zote mbili. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno, na mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kuwa mwito huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadza wetu wa kando ya Ziwa Eyasi hupiga mluzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa milembe wa huko huitikia mluzi wa Kihadza mara tatu na zaidi kuliko wanavyouitikia mwito wa Wayao. Ndege amejifunza lugha ya wenyeji wake.

Hapo mtu atasema: si unaona? Viumbe viwili vimeumbwa vifaane. Mimi nami ningeridhika na picha hiyo, kama nisingejua mlembe alivyolelewa.

Mlembe hajengi kiota. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, kwa mfano keremkerem, kisha huondoka. Kinda huanguliwa kipofu, hana unyoya, lakini ncha ya mdomo wake ina ndoana mbili kali. Kwa ndoana hizo, ndani ya giza la shimo, huwachomachoma makinda wenye nyumba mpaka wafe. Picha za tendo hilo zilichukuliwa Zambia na kuchapishwa mwaka 2011, na si za kutazama wakati wa kula. Mwuaji huyo analishwa na wazazi wa marehemu, na ndoana zake hupotea akikua. Hajawahi kumwona mama yake akiongoza watu, lakini siku moja atatua mbele ya mrina asali na kuanza kukereketa.

Ndoana ni za nini? Ni za kuulia. Hakuna mwanabiolojia atakayekuona mjinga ukijibu hivyo, lakini kinda hana nia yoyote, na hakuna aliyekaa akaichora ndoana. Makinda ya zamani yaliyozaliwa na ncha kali kidogo yalikula peke yao, yakakua, yakarithisha ncha hizo. Yaliyogawana chakula yakaacha wana wachache. Ukirudia hivyo vizazi na vizazi, utapata chombo kinachofanana kabisa na kilichokusudiwa. "Ili" ya ndoana ni "kwa sababu" ndefu mno iliyokunjwa ikawa neno moja. Inaonekana inatazama mbele, kumbe imegeukia nyuma, kwa mababu.

Hata hivyo, si kila faida ni kazi. Msitu huu wenyewe ulibaki kwa sababu ya mbung'o. Ng'ombe walikufa kwa nagana anayoieneza, na watu wakaugua malale, hata serikali ya mkoloni, kuanzia miaka ya 1920, ikawahamisha wakazi wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Palipokosa jembe na ng'ombe, miombo ilisitawi, na nyuki pamoja nayo. Ni rahisi kusema mbung'o aliwekwa alinde msitu. Lakini fikiria mbung'o wawili, mmoja mwenye kiu kali ya damu na mwingine mvivu. Msitu ukilindwa, wanalindwa wote sawasawa. Hakuna anayemzidi mwenzake kwa hilo. Damu ndiyo inayowatenganisha, maana mbung'o jike huzaa buu mmoja mmoja, tena mkubwa, na kumlisha buu huyo tumboni kunataka damu nyingi. Kazi ya mdomo wake ni kunyonya. Ulinzi wa msitu ni tokeo, kama moyo ambao kazi yake ni kusukuma damu lakini pia hupiga dundu dundu.

Majani mekundu je? Jinsi yanavyochipua inaelezeka: miti hii ina maji iliyoyahifadhi na mizizi inayokwenda chini sana, kwa hiyo haihitaji kungoja mawingu. Faida ya kuwahi nayo haifichiki, kwani mvua ikifika jani limekwisha kukomaa na linafanya kazi. Wekundu ndio wenye ubishi. Wengine husema rangi hiyo ni mwavuli wa jani changa dhidi ya jua kali, wengine husema huwafukuza wadudu walao majani. Kila upande una "ili" yake, na "ili" ya namna hii haikubaliwi kwa utamu wake. Lazima ionyeshwe ni nani alikufa kwa kuikosa.

Pale Inyonga mlembe ana mkasa mwingine. Mababu zake waliongoza watu kwenye mapango ya miti, kwa nyuki wasio na mwenyewe. Siku hizi mizinga mingi ina wenyewe. Basi hutokea mrina asali akaitwa, akafuata, akavuka vichaka na kuchomwa na miiba, mwisho akainua macho na kuuona mzinga wake mwenyewe alioutundika mwaka jana. Ndege ametua juu yake, anakereketa kwa nguvu zote. Mzee anatukana kidogo, anacheka, anawasha kienge na kupanda, maana wamo kweli, na masega yamejaa.