Kitabu ya maboyi wa Elisabethville

Tukiongea juu ya tajiri na maskini ndani ya vitabu, tunakimbilia Zola na Balzac, sawa vile kwetu hakuna mutu aliandika. Lakini mu 1965, mwaka moja mbele Elisabethville iitwe Lubumbashi, André Yav aliandika, kwa jina la maboyi wa zamani, «Vocabulaire de Ville de Elisabethville». Aliandika Kiswahili chetu, kile cha kazi na cha barabarani.

Pale, patron si mwenye kusimulia. Mwenye kusimulia ni ule aliyepika chakula yake, akafua manguo yake, akasikia maneno yote ya ku meza. Ndiyo maana mji unaonekana kutoka chini.

Karatasi zile zilipigwa na mashine, maneno yakikatwa ovyo. Johannes Fabian, aliyezitoa kitabu mu 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango: ilibidi zisomwe kwa sauti ndipo zieleweke.

Na leo? Maboyi na wasichana wa kazi wangali ndani ya nyumba zetu. Wanatuona kila siku, wanatusikia. Wakishika kalamu, sisi ndio tutakuwa mapatron wa kitabu. Watatuandika namna gani?