KUJIFUNZA KWA TAASISI NA KUONGOZA MABADILIKO: MFANO WA BANDARI YA DAR ES SALAAM

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali moja: taasisi hujifunzaje? Mtu hujifunza kwa kusikia, kuona na kutenda. Taasisi nayo hujifunza pale ambapo yale anayoyajua mfanyakazi wa chini humfikia mwenye kuamua na kuubadili uamuzi wake. Njia hiyo ikizibwa, taasisi yaweza kuwa na watu wenye maarifa mengi nayo yenyewe isijue kitu. Mfano wetu ni Bandari ya Dar es Salaam.

1. Mgomo kama mwalimu

Wakati wa utawala wa Waingereza shehena ilipakiwa na kupakuliwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa kutwa. Meli zilipokuja walihitajika wengi. Zisipokuja hawakupata kitu. Vibarua hao walijua kuliko wakubwa wao jinsi ujira ulivyokuwa hautoshi kuishi mjini, lakini hapakuwa na chombo cha kulifikisha jambo hilo juu. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mgomo wa Septemba 1947 ulianzia gatini, ukawafikia wafanyakazi wa reli na kuenea hadi bara. Ndipo shauri lao lilipopelekwa kwenye usuluhishi na ujira ukapandishwa. Waajiri walijifunza, lakini baada ya kazi kusimama.

Somo hilo halikudumu. Mwaka 1950 waajiri walileta utaratibu mpya wa kuwakusanya na kuwachagua vibarua kabla ya kazi. Huenda waliona kuwa ni jambo la kupanga kazi tu. Kwa kibarua, hata hivyo, mahali pa kuchaguliwa ndipo riziki yake ya siku ilipoamuliwa. Mgomo ulizuka, vurugu zikafuata, na chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa baada ya mgomo wa 1947 kikavunjwa. Hivyo kikapotea chombo ambacho kingeweza kupeleka habari juu.

2. Baraza bila uamuzi

Baada ya Uhuru jambo hili lilitambuliwa. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakataza viongozi kuwa na kiburi na dharau. Hatua hizo zilikuwa kubwa. Lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, na ushauri usiojibiwa huwafundisha watu kunyamaza.

3. Mabadiliko ya siku hizi

Kontena limebadili kazi ya gatini kuliko amri yoyote, kwani mzigo uliobebwa gunia kwa gunia sasa huinuliwa na kreni mara moja. Uendeshaji nao umebadilika. Mwaka 2000 kitengo cha makontena kilikabidhiwa kampuni ya TICTS, ambayo mkataba wake ulikoma mwaka 2022. Oktoba 2023 serikali ilitia saini mikataba na DP World ya Dubai kuhusu sehemu ya magati, baada ya mjadala mkali nchini. Katika kila badiliko la namna hii mfanyakazi huuliza maswali yale yale: nafasi yangu ni ipi, nitafundishwa nini, na nani atanisikiliza?

4. Mambo matatu kwa viongozi

Kwanza, badiliko lielezwe kabla ya kuamuliwa, kwa kuwa maelezo yanayokuja baadaye hupokewa kama amri. Pili, karani wa shehena na mwendesha kreni waulizwe kasoro ziko wapi, na asiadhibiwe anayezitaja. Tatu, kila ushauri upewe jibu, hata kama jibu ni hapana, pamoja na sababu zake.

Wasomaji wetu wengi wanaongoza shule, hospitali na ofisi, si magati. Hata hivyo, nako kuna watu wa chini wanaojua kasoro mapema kuliko wakubwa. Yafaa kila kiongozi ajiulize: mara ya mwisho uamuzi wangu kubadilishwa na neno la mhudumu au mlinzi ilikuwa lini?