Je, Wajua Kwa Nini Usukani wa Gari la Kale Hupasuka?

Magari ya mwanzo hayakuwa na usukani wa duara. Dereva alishika mkono mrefu, kama wa nahodha wa mashua, akausukuma kushoto na kulia. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron alifunga duara kwenye Panhard yake, na baada ya miaka michache ule mkono ukaanza kutoweka.

Usukani wa magari ya miaka ya 1950 na 1960, enzi ya Peugeot 404 zilizompa Bert Shankland wa Tanzania ushindi wa mbio za magari za East African Safari mwaka 1966 na 1967, kwa macho ni kitu kimoja. Kumbe ni viwili. Ndani mna pete ya chuma, na nje pete hiyo imevikwa plastiki au mpira mgumu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Joto likipanda kwa nyuzi 1, chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni ya urefu wake. Plastiki za aina ile huweza kurefuka mara nane hivi ya chuma. Chukua usukani wenye kipenyo cha sentimita 40, yaani mzunguko wa kama sentimita 126. Usiku uko kwenye nyuzi 20, mchana umeanikwa juani ukafika nyuzi 60. Chuma kinataka kurefuka kwa milimita 0.6 tu, plastiki inataka kama milimita 5. Jua likizama, plastiki hujikunyata na chuma huizuia. Isitoshe, miaka inavyopita vilainishi vilivyomo ndani yake hugeuka mvuke, nayo mionzi ya jua huidhoofisha, ikasinyaa na kuwa ngumu. Mwishowe huchanika, mara nyingi karibu na spoki, mahali iliposhikiliwa sana. Jasho na unyevu huingia ufani, chuma hupata kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ufa husukumwa ukapanuka zaidi.

Wengi huuvika usukani kava ya ngozi wakaridhika. Mimi naona ni kosa: mficha maradhi kifo humuumbua, na chini ya kava kutu huendelea kula.

Dawa ni kuutoa usukani na kuuziba ufa, na kuutoa kunahitaji subira kuliko nguvu. Chomoa waya wa betri, nyoosha magurudumu ya mbele, kisha toa kifuniko cha honi pamoja na waya wake. Piga alama ndogo kwenye shafti na kwenye kitovu cha usukani, zikabiliane. Shafti ina meno membamba, na ukikosea jino moja tu usukani utakaa upande hata gari likienda moja kwa moja. Legeza nati, lakini iache imeshika nyuzi chache, maana usukani uliogoma kwa miaka huachia ghafla ukamvaa fundi usoni. Halafu tumia pula, yaani kifaa cha kuvutia usukani. Usigonge shafti kwa nyundo! Pigo hushuka hadi kwenye beringi za boksi la usukani, na katika magari yenye shafti iliyotengenezwa ijikunje wakati wa ajali, kama zile ambazo General Motors ilianza kuzifunga kwa wingi kwenye magari ya 1967, laweza kuharibu kinga hiyo.

Ufa haujazwi ulivyo. Uufungue kwa tupa au msumeno wa chuma mpaka uwe na umbo la V na ufike kwenye chuma, usugue kutu yote. Mdomo mpana huipa gundi eneo kubwa la kushika. Kwenye ufa mwembamba hukaa juujuu tu. Safisha kwa spiriti, wala si asetoni, kwani baadhi ya plastiki za zamani huyeyuka ndani yake. Jaza epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, izidi kidogo, uiache usiku kucha au zaidi. Fila ya bodi haifai: ni rahisi kumeguka, na huvuta unyevu. Piga msasa mkavu namba 80, kisha 120, 240 na 400, halafu praima na rangi.

Kurudisha ni kulinganisha alama, kuunganisha honi na kukaza nati kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lenyewe. Na gari la baadaye, lenye mfuko wa hewa ndani ya usukani, halifuati utaratibu huu. Mfuko ule hufyatuka kwa baruti, na hukabidhiwa fundi aliyefunzwa kazi hiyo.