Mafuta ya Mimea na Ganzi ya Miguu kwa Mwenye Kisukari



Ndugu wanafunzi na wazazi, wapo wazee wetu wenye kisukari, hapa Kasulu na kule Kibondo, wanaolalamika kuwa miguu inawaka moto usiku, inachomachoma kama sindano, kisha inakufa ganzi. Sababu ni nini? Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu, inayofika nyayoni, ndiyo huanza.

Wengi hukimbilia mafuta: nyonyo, zaituni au habbat sauda. Je, ni makosa? Hapana. Mtume (S.A.W.) alituhimiza kujitibu, na habbat sauda aliisifu. Kosa ni kuacha vidonge au insulini kwa sababu umepata chupa ya mafuta. Mafuta ya kupaka hulainisha ngozi isipasuke, lakini hayashushi sukari.

Mwaka 1993 ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 111 wenye tatizo hili. Kwa mwaka mmoja baadhi yao walipewa asidi ya gamma-linoleniki, inayopatikana katika mafuta ya mbegu za baadhi ya mimea, na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa asidi hiyo walipata nafuu zaidi, hasa wale ambao sukari yao ilikuwa imedhibitiwa vizuri. Hapo pana funzo: mafuta yalimfaa zaidi yule aliyeidhibiti sukari kwanza. Hata hivyo, mafuta hayo hayajawa dawa ya kawaida ya hospitali kwa ugonjwa huu.

Basi tuzingatie haya:

1. Mwambie daktari kila mafuta unayokunywa. Habbat sauda inaweza kushusha sukari. Ikichanganyika na insulini au vidonge kama glibenklamidi, sukari yaweza kushuka mno, mtu akatetemeka, akatokwa jasho na hata kuzimia.

2. Anayemeza metformini kwa miaka mingi aulize habari ya vitamini B12, kwani upungufu wake nao huleta ganzi.

3. Usipake mafuta katikati ya vidole vya miguu wala juu ya kidonda.

4. Usiote moto kwa miguu yenye ganzi. Katika baridi ya Juni na Julai mzee husogea kwenye makaa asisikie kitu, na asubuhi mjukuu ndiye anayeona malengelenge. Maji ya moto nayo yapimwe kwanza na mtu mwingine.

5. Udhu ni nafasi ya kujikagua mara tano kwa siku. Unapopitisha kidole kati ya vidole vya miguu, tazama kama pana mkwaruzo, kisha kausha vizuri. Ukiona kidonda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi.

Wanafunzi, leo jioni mwombeni babu au bibi mwenye kisukari awaonyeshe nyayo zake. Macho yenu yataona asichoweza kuhisi yeye.

Wabillahi tawfiq.