Kabla ya kununua otomatiki, uliza litavutwaje

Mkulima wa Buger aliyeuza mbaazi na maharage vizuri huanza kufikiria gari dogo. Mengi ya magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, kama Vitz, IST na Passo, ni ya otomatiki. Hayali mafuta mengi, na hata asiyezoea klachi huyaendesha. Swali wasilouliza wanunuzi wengi ni hili: likizimika wakati wa masika kwenye njia ya udongo, litafikaje kwa fundi Karatu?

Kwa kawaida hufungwa kamba nyuma ya trekta au Canter, safari ikaanza. Gari la gia za mkono huvumilia likiwekwa huru. La otomatiki halivumilii. Pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku magurudumu yanazunguka, vyuma vya ndani husagana bila oili ya kutosha, na hitilafu ndogo inageuka kuwa giaboksi nzima. Faida ya msimu inaishia gereji.

Vitz ya kawaida inaendeshwa na magurudumu ya mbele. Yainuliwe hayo, ya nyuma yabiringike, breki ya mkono ikiwa imeachiwa. Ile inayoendeshwa na magurudumu yote manne ipandishwe juu ya lori. Usikubali ubishi wa utingo. Na betri ikichoka, usitegemee vijana wa kusukuma: otomatiki haiwaki hivyo.

Wamarekani wanaosafiri na magari ya kulala huvuta gari dogo nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini, hivyo huanza kwa kusoma kitabu cha gari. Honda CR-V ya otomatiki iliruhusiwa kuvutwa hivyo, kwa masharti, hadi toleo la 2014. La 2015 lilibadilishiwa giaboksi, ruhusa ikaondoka. Jina ni lile lile! Basi usiridhike na jina la gari; tafuta wa kukusomea ukurasa wa kuvutwa, hata kama kitabu ni cha Kijapani.

Kwa anayebeba mzigo, mimi ningeangalia Kirikuu ya gia za mkono. Injini yake ya Kijapani ni ya cc 660, na kipimo chake cha mzigo ni kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Anayeng'ang'ania otomatiki aulizie mapema nauli ya lori la kubeba gari bovu, aiandike kwenye hesabu yake pamoja na bima na matairi.