Nyimbo katika Tamthilia: Tunayojifunza kutokana na Mazoezi ya Kamĩrĩĩthũ

Mtahiniwa anapoulizwa ajadili matumizi ya nyimbo katika tamthilia, mara nyingi huandika kuwa nyimbo huburudisha hadhira, kisha akarukia mbinu nyingine. Jibu hilo si kosa, lakini ni jibu la mtu ambaye hajawahi kukaa mazoezini. Kitabuni wimbo ni mistari minane ya mlazo ambayo jicho huipita upesi. Mazoezini wimbo huo huo unaweza kula alasiri nzima: nani ataanzisha, nani ataitikia, miguu itakwenda vipi, na mwigizaji atapata wapi pumzi ya kusema maneno yanayofuata. Makala haya yanaangalia maisha ya kundi moja lililoandaa tamthilia yenye nyimbo nyingi, ili tuone jinsi maisha hayo yanavyoacha alama katika matini tunayoihakiki.

Kundi lenyewe ni la Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Tamthilia ni Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Rasimu ilikuwa tayari kufikia Aprili 1977. Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya kuisoma hadharani na kuijadili. Mazoezi yalianza mwezi Juni, naye mwelekezi alikuwa Kĩmani Gecaũ.

Kwa nini mazoezi yachukue miezi minne? Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani, kikiwemo kiwanda cha viatu cha Bata. Siku za juma zilikuwa za mwajiri. Zilizobaki ni alasiri za Jumamosi na Jumapili, na asubuhi ya Jumapili iliachiwa kanisa. Wakati huo huo ukumbi ulikuwa ukijengwa kwa kujitolea: jukwaa lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, chumba cha kubadilishia maleba, na viti vya watu wapatao 2,000 chini ya anga tupu. Mfano wa ukumbi huo ulikuwa umeundwa kwanza kwa njiti za kiberiti.

Mazoezi hayakufichwa. Aliyetoka sokoni angeweza kusimama na kutazama, na hakuwa mtazamaji wa bure. Wazee walikosoa lugha: mzee hamwamkii kijana hivi, methali hii haimwingii mhusika huyu mdomoni. Wimbo ukichezwa vibaya, mtu alitoka katika umati akaonyesha mwenyewe jinsi ulivyochezwa enzi zake. Kufikia siku ya kwanza ya maonyesho, tarehe 2 Oktoba 1977, wapo watazamaji waliokuwa wamekariri maneno ya karibu wahusika wote.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi ni gĩtiiro, uimbaji wa wanawake wa pande mbili za arusi wanaojibizana. Sehemu hiyo haikutungwa mezani. Mama mmoja mzee wa kijijini, asiyejua kusoma, ndiye aliyeyatoa maneno, mstari baada ya mstari. Sasa itazame katika muktadha wa hadithi. Kĩgũũnda ana shamba la ekari moja na nusu. Tajiri Kĩoi anamshawishi afunge ndoa ya kanisani na mkewe Wangeci, na ili aimudu gharama anachukua mkopo kwa dhamana ya hati ya shamba. Mwishowe shamba linakwenda. Ndoa ya jadi inahitaji sauti za watu wa pande mbili. Hii nyingine inahitaji benki. Mtahiniwa anayeweza kuonyesha kwamba gĩtiiro kimewekwa kama mizani ya kuipimia arusi ya Kĩoi amezungumzia fani na maudhui kwa pumzi moja. Neno kuburudisha halitamfikisha huko.

Kuna jambo jingine ambalo ni maoni yangu tu. Kundi linalokutana mara mbili kwa juma, tena mwigizaji akiweza kuzuiwa kazini wakati wowote, haliwezi kuutegemea wimbo wa sauti moja. Wimbo wa kuanzisha na kuitikia hauvunjiki mmoja akikosekana. Nashuku kwamba wingi wa viitikio katika tamthilia za aina hii hautokani na itikadi ya umoja wa wanyonge peke yake, bali na ratiba pia. Niliwahi kusimamia mchezo wa wanafunzi wa kidato cha tatu, na kila aliyeugua wiki ya mwisho alinifundisha hilo.

Maonyesho ya Kamĩrĩĩthũ yalidumu wiki chache tu. Leseni iliondolewa Novemba 1977, na mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Tamthilia yenyewe ilirudi jukwaani Mei 2022 katika Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza.

Kundi lilikusanyika tena kwa ajili ya Maitũ Njugĩra, inayohusu miaka ya 1930 chini ya ukoloni. Humo nyimbo ndizo zinazobeba hadithi, nazo zilitoka katika jamii mbalimbali za Kenya. Hebu fikiria kazi ya mwigizaji: kukariri wimbo wa lugha asiyoizungumza, kuutamka usiwachekeshe wenyewe, na bado kuonyesha uchungu wake usoni. Februari 1982 kundi lilikuta milango ya Ukumbi wa Kitaifa imefungwa. Mazoezi yakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama, hadi nayo yakakomeshwa. Mwezi Machi ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa na polisi. Mwaka huo Maitũ Njugĩra haikupata siku ya uzinduzi. Waliobahatika kuiona waliyaona mazoezi yake.